Chagua Bahari kwa Kazi Yake: Mwongozo wa Kutunga Mashairi ya Kiswahili

Mwanafunzi wa ushairi kwa kawaida huanzishwa kwa orodha: ubeti wa mishororo miwili ni mathnawi, wa mitatu ni tathlitha, wa minne ni tarbia, wa mitano ni takhmisa, wa sita ni tasdisa. Huikariri, hujibia mtihani, kisha huisahau. Orodha hiyo si ya uongo, lakini inakueleza idadi ya mishororo na kunyamaza pale palipo na faida. Haikwambii kwa nini watu waliotaka kusimulia vita walichukua utenzi, wala kwa nini waliotaka kubishana walichukua ubeti wa mishororo minne. Mwongozo huu unashika hoja moja: kila bahari ya ushairi wetu ilikomaa kwa kufanya kazi fulani mbele ya wasikilizaji, na umbo lake bado linaamua jambo gani litasemeka ndani yake na jambo gani litakwama. Kwa hiyo, kabla ya kujiuliza mizani ni ngapi, jiulize shairi lako linakwenda kufanya kazi gani, na kwa nani. Ili uone tofauti kwa macho na kwa sikio, nitalipitisha jambo moja katika maumbo kadhaa: maji yanayoadimika katika mtaa. Beti zote utakazokuta hapa zimetungwa kwa ajili ya mwongozo huu.

Anza na sikio, kwa sababu mizani ni hesabu ya kile kinachotamkwa. Kila silabi ni mizani moja. Irabu ikisimama peke yake inahesabiwa, ndiyo maana "kaa" ni mizani mbili. M au N inayobeba silabi yake yenyewe nayo inahesabiwa: "mtoto" ni m-to-to, mizani tatu, na "nchi" ni mbili. Lakini katika "mwana" na "ng'ombe" konsonanti zimeshikana na irabu inayofuata, kwa hiyo kila neno ni mizani mbili tu. Maneno ya mkopo kama "labda" na "daktari" husumbua kidogo, kwa kuwa mtu anaweza kuyatamka kwa kuziba konsonanti au kwa kuzipenyezea irabu. Amua utamkaji mmoja na ushikamane nao shairi zima. Kisha sikiliza mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, kwa hiyo kipande cha mizani nane kinachoishia kwa neno la silabi mbili au zaidi kitakaza mizani ya saba na kushuka kwenye ya nane. Kina basi huangukia mahali pepesi, mahali sauti inapotua. Ukikifunga kipande kwa neno la silabi moja, mteremko huo unavurugika, na msomaji atajikwaa bila kujua amejikwaa wapi.

Jambo lingine la kulijua mapema ni kwamba kitenzi chetu kinakula nafasi. "Watakapotufikia" ni neno moja, na limekwisha kujaza mizani nane peke yake. Ndani yake mna watendaji, wakati, namna na watendewa, lakini hamna pumzi iliyobaki ya kuongeza chochote. Mtungaji asiyeliona hili huanza mshororo kwa kitenzi kirefu chenye viambishi vyote, kisha hulazimika kulivusha wazo lake upande wa pili wa kituo, yaani pumziko la katikati ya mshororo. Anayeliona hugawa mzigo: hupeleka kitenzi kirefu pale anapotaka kasi, na huweka majina mafupi mawili au matatu pale anapotaka msikilizaji atulie na kuona kitu. Zoezi la kwanza, kabla ya kutunga ubeti wowote, ni kuchukua sentensi za kawaida za nyumbani na za sokoni na kuzisema kwa mizani nane nane, bila kina chochote, mpaka mdomo uzoee urefu huo. Wengi huruka hatua hii na kukimbilia vina, na hapo ndipo ushairi wao unapoanza kuchechemea.

Sasa tazama utenzi. Ubeti wake una vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kina kina kingine ambacho hurudi katika kila ubeti tangu mwanzo hadi mwisho wa utungo.

Maji yalipokatika,
kinamama wakatoka,
na ndoo wakajitwika,
mtoni kuyaendea.

Jua lilipochomoza,
mabonde wamemaliza,
miguu ikawaliza,
mto hawajafikia.

Angalia umbo hili linavyosukuma mbele. Vipande vitatu vinafanana na kukusanya mwendo, cha nne kinatofautiana na kuufungua mlango wa ubeti unaofuata, na kwa kuwa mlio wa kile cha nne haubadiliki, msikilizaji anajua kila mara kwamba bado yumo katika hadithi ileile. Hakuna nafasi ya kusimama na kubishana, na hakuna kiitikio cha kuirudisha sauti nyuma. Ndiyo maana bahari hii ilibeba tungo ndefu. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani mwaka 1728, una beti zaidi ya elfu moja. Shaaban Robert alipotaka kuiweka vita kuu ya pili ya dunia katika Kiswahili hakutafuta umbo jipya. Utenzi wa Vita vya Uhuru ulimchukua beti zipatazo elfu tatu. Na pale Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alipotaka mwaka 1858 kumwachia bintiye wasia, alichukua utenzi vilevile, kwa kuwa wasia nao ni mwendo: jambo baada ya jambo, kwa sauti moja, kwa mtu mmoja anayetarajiwa kuukariri.

Ukitaka kutunga utenzi, basi, hakikisha una tukio, safari, au mfululizo wa maagizo. Chagua kina cha kipande cha nne kwa ukarimu. Utakihitaji mara nyingi kama zilivyo beti zako, kwa hiyo usijifunge kwa silabi adimu. Kina cha irabu "a", kama hicho hapo juu, hukupa vitenzi vyote vya kutendea na maneno mengine mengi. Epuka kosa la kukiacha kipande cha nne kiwe kijalizo. Kwa kuwa vina vitatu vya mwanzo humaliza nguvu za mtungaji, cha nne mara nyingi hubaki na "nawaambia sikia" au "hayo nawaelezea". Soma vipande vya nne peke yake, mfululizo, kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Vikiwa havisongezi habari hata kidogo, utenzi wako umetungwa kwa robo tatu tu.

Umbo la pili, ambalo watu wengi wakisema "shairi" ndilo wanalolimaanisha, ni tarbia: mishororo minne, kila mmoja na vipande viwili vya mizani nane, kina cha kati na kina cha mwisho, na mshororo wa nne ukiwa kiishio, au kibwagizo ukirudiwa kila ubeti. Hapa ndipo ninapotaka ukae zaidi, kwa sababu hapa ndipo hekima ya umbo inapoonekana wazi.

Mto umeanza konda, mawe yako hadharani,
tulikata bila panda, tukalima ukingoni,
masika yakishakwenda, twabaki na tope chini,
maji tusipoyalinda, kesho tutakunywa nini?

Jambo ni lilelile la maji, lakini ubeti huu hausimulii, unashitaki. Kila mshororo umepasuliwa katikati, na mpasuko huo unaudai uhusiano baina ya pande mbili: dalili na ushahidi wake, kosa na kosa lililolifuata, msimu na matokeo yake. Mishororo mitatu inaleta ushahidi, wa nne unatoa hukumu au kuuliza swali, na hukumu hiyo ikirudi mwisho wa kila ubeti, kila mara inakuja ikiwa na ushahidi mpya nyuma yake. Huu ni mwendo wa mabishano. Si ajabu kwamba Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kuanzia miaka ya 1770 hadi 1840, aliutumia ubeti wa namna hii kuwajibu wapinzani wa mji wake wakati wa mvutano na Seyyid Said wa Unguja. Si ajabu pia kwamba kurasa za gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923, zilijaa mashairi ya kuulizana na kujibizana: mmoja anatupa hoja, mwingine anaipokea, mara nyingi kwa vina vilevile, kuonyesha kwamba anaweza kushinda akiwa amesimama uwanja wa mwenzake.

Faida yake kwako wewe unayetunga leo ni hii: usianze na mshororo wa kwanza. Anza na kibwagizo. Kibwagizo ndicho dai lako, nacho kitasikika mara nyingi kuliko mshororo mwingine wowote. Kikiwa dhaifu, beti saba nzuri hazitakiokoa. Kijaribu kwa kukisema peke yake mbele ya mtu asiyejua shairi lako linahusu nini. Akitaka kujua zaidi, umepata. Akikubali kwa kichwa na kuendelea na shughuli zake, pengine umeandika ukweli usio na mpinzani, na ukweli wa namna hiyo hauhitaji tarbia. Kisha jiulize kila ubeti unaleta ushahidi gani ambao ubeti uliotangulia haukuwa nao. Mashairi mengi ya magazetini yana beti kumi na mbili na hoja mbili.

Vina vinastahili uangalifu ambao vitabu vya shule havivipi. Upatanisho wa Kiswahili uko mwanzoni mwa maneno: vitabu vizuri vilivyoletwa vinafanana vichwa, si mikia. Kwa hiyo mwanzo wa neno hufanana bila juhudi ya mtunzi, na mwisho wa neno ndipo mahali anapochagua kweli. Lakini kuna mitego. Vitenzi vya kutendwa vyote huishia kwa "wa", vya kutendesha mara nyingi kwa "sha", vya kutendana kwa "na", na jina lolote linaloongezewa kiambishi cha mahali huishia kwa "ni". Ubeti wenye kina cha "wa" unaweza kujazwa kwa dakika tatu, na ukiuchunguza utakuta hamna anayefanya lolote: mambo yanasemwa, yanapangwa, yanaharibiwa, na mhusika hayumo. Kina cha "ni" nacho hugeuza kila jambo kuwa mahali. Katika ubeti wangu hapo juu nimekitumia, ila nimechanganya "hadharani" na "ukingoni" na maneno "chini" na "nini" ambayo hayasikiki kama yamebandikwa kiambishi hicho, ili sikio lisihisi limelishwa chakula kimoja. Kanuni ya kufanyia kazi ni kwamba katika kila ubeti angalau kina kimoja kitoke katika neno ambalo mwisho wake ni wa shina lenyewe.

Mshairi wa Kiswahili amepewa uhuru kadhaa: kufupisha neno, ambako ni inkisari; kulirefusha, ambako ni mazida; kubadili sauti yake, ambako ni tabdila; na kupindua mpangilio wa sentensi, ambako ni kuboronga sarufi. Nimeandika "konda" mahali pa "kukonda" na "panda" mahali pa "kupanda". Ufupisho wa aina hiyo unasikika kama usemi wa kawaida uliokazwa, kwa hiyo unavumilika. Usiovumilika ni ule unaomwacha msikilizaji akikisia neno. Mazida ni hatari zaidi, kwani kurefusha neno ili kufikisha mizani ni kukiri kwamba wazo limekwisha kabla ya pumzi. Na kuhusu lahaja nina msimamo mkali. Tungo nyingi kuu za zamani zimo katika Kiamu na Kimvita, ambako macho ni "mato", nchi ni "nti" na njia ni "ndia". Mtungaji wa Mwanza au Nakuru anayeandika Kiswahili sanifu shairi zima kisha akachomeka "mato" ili tu lipate kina kimoja na "moto" anaikopa lahaja bila kuiheshimu, na sikio la mtu wa Lamu litamgundua mara moja. Ukitaka lahaja, jifunze uiishi shairi zima.

Kuhusu majina ya mitindo ndani ya bahari hizi sitakuchelewesha. Vina vikibaki vilevile shairi zima ni mtiririko. Vikibadilika kila ubeti ni ukaraguni. Kimoja kikibaki na kingine kikibadilika ni ukara. Mtiririko hufaa shairi fupi lenye shinikizo moja. Ukirefushwa hukulazimisha kutafuta maneno kwa sababu ya mlio. Mshororo wa mwisho ukifupishwa ni msuko, na ni mtindo mzuri sana kwa jambo la ghafla au la hasira. Maneno ya mwisho wa ubeti yakianza ubeti unaofuata ni pindu, nayo hufaa hoja zinazozaana. Neno moja likianza kila mshororo ni kikwamba, ambacho huchosha upesi kuliko watungaji wanavyodhani.

Baadhi ya bahari zinafaa kazi maalumu sana. Wimbo wa mishororo mitatu, unaosikika mno katika taarab, hauna nafasi ya kujenga hoja: mshororo wa kwanza unafungua jeraha, wa pili unalikaza, wa tatu unaliacha wazi ili ala zijibu. Ukiandika tathlitha kwa ajili ya kusomwa tu, kumbuka kwamba hakutakuwa na udi wala fidla ya kukusaidia, kwa hiyo picha zako ziwe na nguvu ya kujitegemea. Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir kuhusu fahari ya Pate iliyogeuka magofu, una mishororo ya mizani kumi yenye kituo baada ya ya sita. Jaribu mwendo huo, hata bila vina:

Mto ulojaa, leo mawe;
mti wa kivuli, leo kuni.

Kipande kirefu kinainua, kifupi kinaangusha. Utenzi hauna anguko hilo, wala tarbia yenye pande sawa haina. Mizani sita kwa nne hufaa kuomboleza, kujihesabu nafsi, kulinganisha jana na leo. Takhmisa yenyewe ni kazi ya kuongezea: mshairi huchukua utungo wa mwenzake na kuuwekea mistari yake mbele, mpaka ubeti utimie mitano, kama Sayyid Abdallah huyohuyo alivyofanya kwa utungo unaonasibishwa na Fumo Liyongo. Sijui mazoezi bora zaidi kwa anayejifunza, kwa kuwa huwezi kuongezea mbele ya mshororo wa mtu kabla hujauelewa unatoka wapi. Ngonjera, iliyoenezwa na Mathias Mnyampala, mtu wa Dodoma, baada ya Azimio la Arusha la 1967, ni majibizano ya kuigizwa mbele ya hadhara. Udhaifu wake wa kawaida ni kwamba mmoja wa wasemaji ameshindwa tangu mwanzo. Ukitunga ngonjera, mpe anayeshindwa ubeti mzuri kuliko zote; kama huwezi, huna majibizano, una hotuba iliyogawanywa kwa watu wawili.

Kuna atakayesema kwamba kanuni hizi zote zimetoka Uarabuni, hivyo kuzishika ni kuvaa nguo ya kuazima. Majina mengi kweli ni ya Kiarabu, na maandishi ya zamani yalikuwa kwa herufi za Kiarabu. Lakini aruudhi ya Kiarabu hupima mpangilio wa silabi ndefu na fupi. Sisi tunahesabu idadi ya silabi, kwa sababu maana za maneno yetu hazitegemei mpishano huo wa urefu, na mkazo wetu unajulikana mahali pake. Kipimo kimejengwa na lugha yenyewe. Na kimevuka pwani bila shida: Mnyampala alikuwa Mgogo, Amri Abedi aliyeandika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954 alizaliwa Ujiji, na wote wawili walikitumia kama chao.

Pingamizi zito zaidi lilikuja katika miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na wahakiki kama Mulokozi na Kahigi wakatetea kwamba vina na mizani si roho ya ushairi. Upande wa mapokeo ulijibu kwamba shairi lisiloimbika si shairi. Mabishano hayo yalikuwa makali, na sehemu kubwa yake ilikosa swali la kazi. Tazama jambo letu la maji likiwa huru:

Ndoo saba
foleni moja
bomba linakohoa hewa
na mtoto anauliza
kama maji yanakufa.

Hapa hakuna anayeshitakiwa, na hakuna safari inayosimuliwa. Kuna kuona tu, na swali ambalo kibwagizo kingeliharibu kwa kulirudia. Tarbia ingemlazimisha mtoto awe wakili. Kwa hiyo shairi huru lina kazi yake halali: fikra ambayo haijapata hukumu, picha inayohitaji ukimya pembeni yake, sauti ya mtu mmoja anayejisemea. Wanaoliita nathari iliyokatwakatwa wana haki ya kulipima, na kipimo ni rahisi. Liandike shairi lako huru kwa mfululizo, kama aya. Kama halikupoteza kitu, walisema kweli. Katika mfano huu, "ndoo saba" na "foleni moja" zikiunganishwa katika sentensi zinapoteza uzito sawa zinaoupata zikisimama kila moja kwenye mstari wake, na "kama maji yanakufa" inapoteza kusubiriwa. Mstari wa shairi huru unahitaji sababu ya kuishia pale unapoishia, na sababu hiyo utaitafuta wewe mwenyewe kila mara, maana hakuna mizani ya kukutafutia. Ndiyo maana mimi siliamini shauri la kumwanzisha mgeni kwa shairi huru eti ni jepesi.

Wengine husema vina na mizani ni minyororo, na kwamba mtu mwenye jambo zito hawezi kuhesabu silabi. Ushahidi unawapinga. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?" wa mwaka 1968, alitunga Sauti ya Dhiki akiwa gerezani hadi 1972, akiandika kwenye karatasi za chooni. Ni vigumu kufikiria dhiki iliyo kubwa zaidi kwa mtungaji, na alishika bahari za mapokeo. Umbo lililokazwa humpa mtu aliyenyang'anywa kalamu njia ya kukitunza alichokitunga kichwani: mizani ikipungua anajua neno limepotea, na kina kinamwonyesha ni neno la namna gani. Tungo za Muyaka ziliokolewa kwa njia hiyohiyo. Zilikaa vinywani mwa watu wa Mombasa miaka mingi baada ya kifo chake, mpaka Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walipozikusanya na kuziandika, na kitabu kikachapishwa mwaka 1940. Nathari nzuri ya wakati huo haikupata bahati hiyo.

Na kama utaniambia kwamba siku hizi watu husoma kimya kwenye simu, hivyo sikio halina kazi, nitakujibu kwamba msomaji wa kimya naye ana pumzi. Anapokutana na kipande cha mizani tisa katikati ya vya nane, anarudi nyuma kusoma tena ijapokuwa hajui kwa nini. Zaidi ya hayo, kwenye kioo kidogo mshororo wa mizani kumi na sita mara nyingi hukatika mahali pasipo pake na kuvuruga kituo. Ukichapisha tarbia kwa wasomaji wa simu, andika vipande viwili katika mistari miwili, cha pili kikiingizwa ndani kidogo. Hilo ni suala la uchapaji, wala haligeuzi bahari.

Umeshachagua kazi, umechagua umbo, umetunga. Sasa fanya masahihisho kwa mpangilio huu, kwa kuwa ukiuchanganya utapiga rangi ukuta ambao bado unabomolewa. Kwanza soma maana tu, ukiondoa kila ubeti usioleta kitu kipya, hata uwe mtamu kiasi gani. Pili, hesabu mizani kwa vidole ukitamka, usihesabu kwa macho. Macho huisahau M ya "mtu". Tatu, angalia kituo cha katikati: hakuna neno linalopaswa kupasuliwa nacho, na kila upande uweze kutamkwa peke yake bila kuonekana kipande kilichovunjika. Nne, zungushia duara vijalizo vyako vyote, "kwa yakini", "jamani", "nawambia", "bila shaka", uvifute, kisha ujaze nafasi hiyo kwa jina la kitu kinachoonekana. Mahali ambapo kitu hicho hakipatikani, ubeti wenyewe pengine hauhitajiki. Mwisho mpe mtu mwingine alisome shairi lako kwa sauti, wewe ukiwa na nakala mkononi na umenyamaza. Weka alama kila anapositasita au anapobadilisha neno lako kwa neno lake bila kukusudia. Mara nyingi neno lake ndilo lililopaswa kuwapo, na likiwa na mizani ileile, lichukue.